Kisu cha Mkono wa Kushoto

Tarehe 2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na wifi yangu amekuja. Sijui kipi kilinishangaza zaidi. Miaka tisa hajakanyaga kibarazani kwangu, leo kasimama mlangoni na mwavuli unachuruzika, ananisalimia kana kwamba tulionana jana sokoni.

"Wifi, hujambo? Habari za siku?"

"Siku zipi?" nikamwuliza. "Maana ziko nyingi."

Akacheka kidogo, akaketi bila kukaribishwa. Akasema kaka yangu anataka nimtengenezee kisu. Cha kukunja, cha kufuli ya bamba, kama alivyotufundisha baba. Kaka yangu! Mwenye karakana ya baba, mwenye mashine za baba, mwenye bango la baba juu ya mlango, anataka kisu cha kwangu mimi.

"Karakana yake ina nini?"

"Imefungwa kwa matengenezo," akasema, akiangalia mwavuli wake. "Mtengenezee unavyojua wewe. Amesisitiza jambo moja tu: kiwe chepesi kufungua na kufunga."

Uvivu haujamtoka kaka yangu. Nikakubali, tena haraka mpaka mwenyewe akashtuka. Alipoondoka nikaenda dukani kununua daftari hili. Kila hatua ya kazi hii nitaiandika, maana safari hii sitaki mtu aje kuniambia baadaye nani alifanya nini.

Tarehe 3 Machi

Niliandike jambo lenyewe mara moja, nisilirudie kila siku kama redio mbovu.

Ndani ya mpini wa kisu cha kukunja kuna mabamba mawili membamba ya chuma, moja kila upande. Bamba moja hukatwa kipande kirefu kinachopindwa kidogo kuelekea ndani. Baba alikiita kabari. Kisu kikifunguka, kabari inaruka na kuketi nyuma ya kisigino cha bapa, yaani mwisho wake ulio ndani ya mpini, na bapa haliwezi tena kukurudia vidoleni. Ukitaka kufunga, unaisukuma kabari kando kwa dole gumba. Basi, ni hivyo tu. Vidole vya mtu vinategemea kipande cha chuma chenye unene wa milimita moja na nusu.

Kwetu kisu hakikutoka karakanani mpaka aliyetia kufuli awe amekijaribu mwenyewe. Unakishika kwa ngumi, vidole vyote vikiwa njiani mwa bapa, unagonga mgongo wa bapa ukingoni mwa meza mara tatu. Usipothubutu, hujamaliza kazi. Siku ile, miaka tisa iliyopita, kisu kilikuwa cha muuza nyama, naye alikuwa mlangoni ana haraka zake, anapiga soga na fundi baiskeli. Kufuli nilitia mimi. Nikagonga mara tatu, nikaenda bombani kunawa. Huku nyuma kaka yangu akaona kabari inakwama kidogo, akachukua tupa, akakikwangua kisigino ili kilainike. Hakumwambia mtu. Baba, kwa kutaka kumwonyesha mteja kazi ya watoto wake, akakishika yeye na kugonga. Pigo la kwanza salama. La pili kabari ikateleza. Vidole viwili vya mkono wa kulia, cha shahada na cha kati.

Baba aliuliza swali moja, damu ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko: "Nani katia kufuli?"

Kaka yangu akasema, "Dada."

Na kweli ilitiwa na mimi. Ndiyo maana uongo ule haujafa mpaka leo; nusu yake ni kweli.

Niliporudi niliiona mikwaruzo mipya kwenye kisigino. Kaka anatumia mkono wa kushoto, tangu utotoni tunamwita Mashoto, na mikwaruzo ya tupa yake hulala upande ambao ya kwangu hailali. Nilisema, nikalia, nikasema tena. Kaka alikuwa ameshakitupa kisu kwenye shimo la choo, eti asikione tena maishani. Baba aliishi miaka miwili baada ya hapo, na hakupokea hata kikombe cha maji mkononi mwangu. Mtaa wa mafundi ukanipa jina: Mkata-Baba. Wanalitamka nikishapita, lakini masikio yangu ni mazima.

Miaka tisa. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Tarehe 4 Machi

Mvua. Nimesafisha tupa zote.

Tarehe 7 Machi

Nimepata!

Nilikuwa nimekaa na kisu changu cha kazi, nakishika na kukiachia, nikawaza jinsi anavyoshika yeye. Nikakihamishia mkono wa kushoto. Nikabana. Moyo ukanidunda kama wa msichana aliyeletewa posa.

Mtu wa kulia akikishika kisu, kidole chake cha shahada hupita chini ya mpini kutoka kulia kwenda kushoto. Kikiigusa kabari, kinaiburuta ndani zaidi, na kufuli inazidi kukaza. Mtu wa kushoto, kidole kilekile kinapita kinyume. Kikiigusa kabari, kinaiburuta kuelekea kufunguka. Visu vya kawaida havina neno kwa sababu kabari imezama ndani ya mpini na kidole hakiifikii. Kwa hiyo Mashoto ametumia visu vya watu wa kulia maisha yake yote na hajapata mchubuko. Baba alikataa kumgeuzia kufuli; alisema kisu hakijui mkono.

Changu kitajua. Nikiiacha kabari itokeze nusu milimita nje ya mpini, na ukingo wake nikautia vijino vidogo vya kushika ngozi, mtu wa kulia atagonga meza mpaka ivunjike na kisu hakitamgusa. Nitakijaribu mbele yake kwa mkono wangu wa kulia, mara tatu, kwa desturi ya baba. Kisha nitampa. Atakihamishia kushoto, atagonga, kwa sababu hajawahi kupokea kisu bila kukigonga.

Viwili kwa viwili. Na hakuna fundi duniani atakayeshika tochi aone kosa langu.

Tarehe 9 Machi

Umeme hakuna. Makaa yamelowa. Nimekaa tu, nikakasirika bure.

Tarehe 14 Machi

Bapa. Nilikuwa nimechagua chuma chembamba, kizuri kwa kukatia, nikakirudisha kabatini. Nimechukua kinene na kizito mgongoni. Bapa jepesi likiteleza humkwaruza mtu. Zito huanguka kwa uzito wake lenyewe na kufika kwenye mfupa. Nimelikata urefu wa sentimita tisa, ncha imeshuka kidogo. Zuri. Nasema ukweli, ni zuri.

Fundi cherehani tunayepakana kibaraza, Pindo, alinyoosha shingo juu ya mashine yake.

"Jirani, leo unapiga mluzi. Umeshinda bahati nasibu?"

"Nina oda."

"Oda gani inayomfanya mtu wa hasira zako apige mluzi?"

"Ya kaka yangu."

Cherehani ikanyamaza. Pindo amehamia hapa miaka mitatu iliyopita lakini mtaa umeshamsimulia. Aliwahi hata kuteleza akaniita jina lile, kisha akanishonea gauni zima kwa kuomba radhi, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

"Basi Mungu mkubwa," akasema. "Damu nzito kuliko maji."

Nikamwambia ndiyo, tena haitoki nguoni.

Tarehe 19 Machi

Pini kuu, ile ambayo bapa huizunguka. Kwa kawaida naibana mpaka bapa liwe na ugumu kidogo, mtu alisikie. Hii nimeilegeza na kuweka washa mbili za shaba nilizozisugua kwa msasa laini mpaka zikawa kioo. Nikakiinamisha kisu, bapa likaanguka lenyewe bila sauti.

Na gololi. Kwenye kabari hupachikwa gololi ndogo inayolishika bapa lisifunguke mfukoni. Nimechimba kitobo chake kifupi, ili isishike sana. Anataka kiwe chepesi kufungua na kufunga? Hakitapatikana chepesi kuliko hiki.

Tarehe 20 Machi

Kutu kwenye bapa, mahali nilipoacha alama ya dole gumba. Saa moja tu! Mvua hii inakula chuma kama mtu aliyefunga siku tatu. Nimesugua upya na kupaka mafuta.

Tarehe 26 Machi

Wifi amekuja tena. Kakonda. Mikono yake imebabuka kwa sabuni, kama ya mtu anayefua kutwa. Nikajisemea, ona anavyomtumikisha.

"Anauliza umefikia wapi."

"Mwambie haraka haraka haina baraka. Yeye analijua hilo kuliko mtu yeyote."

Hakuelewa, au alijifanya. Akakaa muda mrefu akiangalia mabamba mezani. Akaniuliza watu wazima wakiumwa huwa nawapikia nini. Nikamjibu kwa mkato kwamba simpikii mtu mzima mgonjwa, nina mume mzima anayekula mpaka ukoko. Akacheka, macho yakamlengalenga, akaondoka. Wifi yangu siku zote alikuwa mtu wa machozi ya karibu. Enzi zile hakuniteta kama wengine, lakini pia hakunitetea.

Tarehe 2 Aprili

Kisigino leo. Uso wa kisigino unaopokea kabari lazima uwe na mwinamo. Mimi hutumia nyuzi nane. Ukizidisha, kabari inateleza, ndilo kosa alilolifanya yeye kwa tupa yake. Ukipunguza, inakwama. Nilishawishika kuongeza mwinamo, kumrudishia kosa lake lilelile. Nikajizuia. Angeliona kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Nyuzi nane kamili, nimezipima mara nne. Kila kitu kwenye kisu hiki kitakuwa sahihi. Ubaya utakuwa mahali pamoja tu, na mahali penyewe patakuwa chini ya kidole chake.

Kabari inaingia theluthi ya kwanza ya kisigino, si zaidi. Kwa mkono wa kulia inatosha na kubaki. Kwa kushoto ina safari fupi ya kutoka.

Tarehe 5 Aprili

Mvua.

Tarehe 6 Aprili

Mvua. Mume wangu ananiuliza kwa nini nasaga meno nikiwa naosha vyombo.

Tarehe 11 Aprili

Nimechukua glavu ya ngozi ya mkono wa kushoto, nikaijaza udongo wa mfinyanzi mbichi, nikaifunga kwenye mpini kwa waya, vidole vikiwa vimebana. Nikagonga ukingoni mwa meza. Mara ya kwanza kabari ikasogea. Mara ya pili ikatoka. Bapa likashuka likakata ngozi, likakata udongo, likasimama kwenye waya.

Vidole viwili. Cha shahada na cha kati.

Nilikaa chini. Sitaandika kwamba nilisikitika, kwa sababu sikusikitika. Nilimwona baba akiuliza swali lake, na safari hii nilikuwa na jibu. Nikaifungua glavu, nikaijaza udongo upya, nikarudia mpaka zikatimia mara sita. Mara sita zote.

Pindo aliikuta glavu kwenye ndoo ya taka.

"Hii imekukosea nini? Na kwa nini ya kushoto tu?"

"Ilikuwa na tundu."

Akaigeuza, akaangalia mikato. Mtu wa cherehani anajua kusoma mkato. Akairudisha ndooni taratibu. "Jirani," akasema, "mchimba kisima huingia mwenyewe."

"Mimi nachimba nikiwa nimesimama nje."

"Wote husema hivyo," akasema, akaenda kunywa chai.

Tarehe 15 Aprili

Mpini. Nimechagua pembe, kwa sababu anaipenda, na nimeisugua mpaka imeteleza. Pembe tupu, bila mistari ya kushikia. Mpini unaoteleza humfanya mtu abane zaidi, na akibana zaidi kidole chake kinaburuta zaidi. Ni nyepesi, ina rangi ya asali upande mmoja. Vishikizo vya kufungulia nimeweka viwili, kila upande wa bapa kimoja, ili dole gumba lake la kushoto lisihangaike. Mtu asiwe na sababu ya kukitumia kwa mkono mwingine.

Tarehe 23 Aprili

Nitaandika hili kama lilivyotokea.

Nilitoka kwenda kuchota maji. Kisu nilikiacha mezani, kimefungwa. Niliporudi, Pindo alikuwa amesimama mezani kwangu, mkono wa kulia kakamata suruali ya mteja, wa kushoto kashika kisu changu. Kimefunguliwa. Alikuwa anafumua mshono wa nyuma, akivuta kuelekea kwake, na nilikiona kidole chake cha shahada juu ya kabari, ngozi imenasa kwenye vijino.

Nikapiga ukelele. Ndoo ikaanguka. Yeye akashtuka, akaachia, bapa likajifunga hewani pale pale vidole vyake vilipokuwa. Kisu kikaanguka sakafuni kikiwa kimejikunja, kimya kama mtu aliyelala.

Tukatazamana. Maji yalifika mpaka miguuni kwake na hakusogea.

"Kilijifunga," akasema.

"Ndiyo."

"Chenyewe."

Akaviangalia vidole vyake, akavihesabu kwa macho. Vidole vya fundi cherehani! Ana mke na mama mkwe wanaokula kwa vidole vile.

"Kumbe ile glavu," akasema. "Ulitaka vya kaka yako."

"Alinifanya nife nikiwa hai, Pindo. Baba alikufa ananiogopa."

"Sikatai. Lakini kisu hakina anwani." Akaokota suruali ya mteja, akaikung'uta. "Mimi ninazo nguo za kushona. Usiniachie tena mlango wazi."

Kutwa nzima cherehani yake haikusimama, na hakunisemesha.

Tarehe 24 Aprili

Nilishika tupa ili nikate ile nusu milimita iliyotokeza. Mipigo mitatu ya tupa, kazi imekwisha, kisu kinakuwa kisu kama vingine. Nikaibana kabari kwenye jiliwa la mezani. Nikatoka kwenda dukani kununua mafuta ya mashine.

Fundi baiskeli alikuwa pale na kijana mgeni. Nikapita. Kijana akauliza kitu. Fundi baiskeli akashusha sauti, lakini si ya kutosha: "Huyo ndiye Mkata-Baba."

Nikarudi. Nikalifungua jiliwa, tupa nikaitundika ukutani. Kabari nimeiacha kama ilivyo.

Tarehe 25 Aprili

Pindo bado hasemi nami. Mvua imepungua.

Tarehe 6 Mei

Kimekwisha. Nimekaza skrubu, nimekitia mafuta, nimekinoa mpaka kinanyoa nywele za mkono. Nimekigonga mara tatu kwa mkono wa kulia, vidole vyangu vyote ndani. Hakikutikisika, kila nilivyobana ndivyo kabari ilivyozidi kuingia. Nimetengeneza visu zaidi ya mia tatu na hiki ndicho bora kuliko vyote. Inaniuma kwamba ni chake.

Tarehe 10 Mei

Nimekipeleka leo asubuhi. Jua limetoka, barabara zinafuka mvuke.

Karakana ya baba ina kufuli kubwa mlangoni, na kufuli yenyewe ina kutu. Kupitia dirishani niliona mashine zimefunikwa mashuka. Wifi akanipokea mlango wa uani, akanishika mkono akataka kusema neno, nikampita. Njia nzima nilikuwa nikiyarudia maneno yangu ya kwanza na sikutaka yanipotee.

Kaka yangu alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha la chumba cha mbele. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya mto, umelazwa pale kama kitu cha mtu mwingine anachomtunzia. Vidole vimejikunja. Upande mmoja wa mdomo umeshuka.

"Kiharusi," wifi akasema nyuma yangu. "Tangu Septemba. Alinikataza kumwambia mtu. Wewe hasa."

Sikuketi. Nilisimama na kisu mfukoni nikahisi kama mtu aliyepanda mlima mzima na kukuta kilele kimeondolewa.

"Dada," akasema. Maneno yanamtoka mazito, kama yana maji ndani. "Kilete nikione."

Nikampa. Nifanye nini tena? Akakipokea kwa mkono wa kulia, kwa kubahatisha, kama mtoto anayeshika kalamu. Akasukuma kwa dole gumba, bapa likafunguka bila nguvu. Akaisukuma kabari, akainamisha kisu, bapa likaanguka lenyewe mahali pake. Mkono mmoja. Akafungua tena. Akafunga tena. Akabana, akaangalia kidole chake kikipita juu ya kabari na kuivuta ndani. Kisha akakigonga kwenye ukingo wa kiti, mara tatu, akihema kila pigo. Kikakaa imara.

"Nani alikwambia?" akauliza.

"Kuniambia nini?"

"Kwamba nimebaki na huu mmoja." Chozi likamshuka upande ule usiohisi, hakulifuta. "Pini umeilegeza ili lishuke lenyewe. Gololi umeipunguza kwa sababu dole hili halina nguvu. Kabari umeitoa nje, na ukingo umeutia meno, ili nikibana ijikaze. Mama watoto, unaona? Nilikwambia. Sikutaka kisu cha mtu mwingine. Nilijua dada yangu atanitengenezea kisu cha kunilinda."

Wifi akaanza kulia. Mimi nilikuwa nimekauka kama ukuni. Kila neno alilolisema lilikuwa kweli, na kila moja lilinichoma.

"Tupa ya siku ile ilikuwa yangu," akasema. "Kisigino nilikikwangua mimi, wewe ukiwa bombani."

"Najua."

"Najua kwamba unajua. Baba alivyouliza, niliogopa. Kila siku nikasema kesho nitamwambia. Akafa." Akakiinua kisu. "Na wewe bado umenitengenezea hiki. Mungu akulipe, dada."

Hapo ndipo hasira ziliponipanda mpaka machoni. Alininyang'anya baba, alininyang'anya karakana, alininyang'anya jina, na sasa, kwa shukrani zake, ananinyang'anya hata kisasi changu na kukigeuza kuwa wema wangu! Singeweza kutoka kwenye chumba kile nikiwa mtu mwema.

"Usinishukuru," nikamwambia. Nikakichukua kisu mkononi mwake. Nikakihamishia mkono wangu wa kushoto, nikakibana, nikakiweka kidole changu cha shahada juu ya kabari aone ngozi ilivyonasa. Nikainua mkono juu ya ukingo wa kiti.

Kiharusi hakikuugusa ufundi wake. Niliona macho yake yakienda kwenye kidole, kwenye kabari, kwenye bapa zito, kisha kwenye mkono wake mwenyewe pale juu ya mto. Akaelewa yote.

"Usigonge," akasema. "Dada, usigonge."

Nikabaki hivyo. Kidole kilikuwa kinaniuma.

"Tangu lini?"

"Tangu siku mkeo alipoleta oda."

"Kuna nini?" wifi akauliza. "Mbona sielewi?"

Kaka yangu alikuwa bado anakiangalia kisu, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya fundi, si ya mgonjwa. "Kingefanya kazi."

"Mara sita kwa sita."

Akatikisa kichwa taratibu, mara kadhaa. "Nipe. Bado nakitaka."

"Sikupi hivi hivi. Muuza nyama bado yuko palepale. Na fundi baiskeli. Yale uliyoniambia mimi, utawaambia wao."

"Sijatoka nje tangu Septemba," akasema. Akagusa mdomo wake ulioshuka. "Watu hawajaniona hivi."

"Watakuona."

Tarehe 11 Mei

Sikufanya kazi.

Tarehe 12 Mei

Nimemsimulia Pindo yote. Aliacha cherehani akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza kama nimeridhika. Nikamwambia bado.

Tarehe 13 Mei

Nilimpa kisu leo saa nne asubuhi, mlangoni kwake, kabla hatujaanza kutembea. Angeweza kurudi nacho ndani na kujifungia. Alikitia mfuko wa shati, akashika bega la mkewe, tukatoka.

Ni nyumba ishirini tu mpaka kwa muuza nyama, lakini mguu wake wa kushoto unaburuta na tulichukua karibu nusu saa. Mimi nilitembea mbele. Sikugeuka kumsaidia. Watu walitoka milangoni mmoja mmoja. Wengine wakasema pole, wengine walisahau kufunga midomo. Alikuwa mwanamume wa kupendeza, kaka yangu, wa kunyoa kila siku na kupiga viatu rangi. Nilimsikia akihema nyuma yangu na nikaendelea kutembea.

Muuza nyama akafuta mikono yake kwenye aproni. Fundi baiskeli akaja na pampu mkononi. Watu wengine kama kumi wakasogea, na Pindo alikuwa miongoni mwao, futikamba shingoni.

Kaka yangu akasimama wima kadiri alivyoweza. Akasema. Maneno yakagongana, mate yakamtoka upande ulioshuka, mkewe akamfuta kwa upande wa khanga.

"Kasemaje?" muuza nyama akauliza, akitazama huku na huku. "Sijamsikia vizuri."

Akasema tena, polepole, neno moja moja: kwamba kufuli ya siku ile ilikuwa nzima, kwamba aliyeiharibu ni yeye, kwamba baba alipouliza alidanganya. Jasho lilikuwa linamtiririka na mguu wake wa kulia, ule mzima, ulikuwa unatetemeka. Hata redio ya muuza nyama mtu aliizima.

Fundi baiskeli akanigeukia. Hakuweza kunitazama usoni. "Tumesikia, dada," akasema. "Tumesikia wote. Inatosha, mwache mwenzio akae."

Mtu akaleta kiti. Wifi alikuwa ananiangalia mimi, wote walikuwa wananiangalia mimi, wakingoja niseme yamekwisha. Kaka yangu hakukiangalia kiti. Alinitazama, akangoja pamoja nao.

"Wao wamesikia," nikasema. "Baba hajasikia. Paza sauti, kaka. Rudia."

Akarudia.